Msimu Athumani Alipokuwa Nguruwe

Harufu ya manyoya ya nguruwe pori yanapoungua ni chungu, inashika kooni na haitoki hata ukinywa maji. Mwaka niliokuwa darasa la nne harufu hiyo ilikaa juu ya kijiji chetu, upande wa Magamba, ikachanganyika na ukungu na kuingia mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Nguruwe yule alikuwa amemuua baba yetu, ambaye nyumbani tulimwita Tate, kwa Kishambaa. Asubuhi ile Tate na wanaume wenzake walimbana kwenye matuta ya mahindi bondeni. Alipokosa njia aligeuka, akampasua Tate paja mpaka kiunoni. Walimbeba juu ya kitanda cha kamba wakipanda naye kati ya migomba, damu ikidondoka kwenye majani, na kabla hawajafika barabarani alikuwa amekata roho. Wengine walimfuata nguruwe na mapanga wakamkata hata asijulikane uso. Sisi ni Waislamu, nyama ile hatuli. Majirani zetu Walutheri, ambao siku nyingine wangeichukua, walikataa kwa sababu meno yake yalikuwa na damu ya mtu. Basi akamwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa palepale.

Watoto wa kijiji tulikuwa na mchezo tuliouita mizimu. Tuliucheza pembeni ya msitu, palipo na miti mikubwa yenye kuvu na utelezi wa majani. Kila mmoja alikuwa na mnyama wake, na akiingia msituni aliacha jina lake nje. Ramadhani, mtoto wa jirani aliyetuzidi umri, alikuwa chui. Mimi nilikuwa kinyonga, kwa sababu kinyonga hatakiwi kusema na mimi kusema kulinishinda tangu zamani. Mdogo wangu Athumani, wa darasa la kwanza, alikuwa mbega. Tulivuka mito ya moto ambayo ilikuwa mifereji tu, tukapigana vita kugombea pango ambalo lilikuwa shina lililooza. Sharti kubwa lilikuwa moja: mzimu ukikutoa damu, roho yako imehamia ndani yake. Ramadhani alikuwa akitukwaruza kwa miiba, halafu anatembea amejaa kifua, akisema ametubeba sote tumboni.

Tate alipozikwa, kwetu hakuna aliyegusa jembe. Wanaume walikaa kwenye mikeka nje, wanawake ndani, na Mama akaanza eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hukaa nyumbani kwake. Watoto tulisahauliwa. Ndipo Athumani aliposhuka peke yake bondeni, akajipaka jivu la yule nguruwe usoni na kifuani, akarudi msituni akiwa anatambaa. Hakutaka kuwa mbega tena. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba nguruwe alimtoa Tate damu, kwa hiyo Tate alikuwa ndani ya nguruwe, na sasa nguruwe amechomwa, Tate atakaa wapi? Ilibidi mtu ampe nyumba. Baada ya hapo hakusema neno la binadamu tena. Alikoroma. Nyumbani alikula kwa mdomo bila mikono, na shangazi yetu akadhani ni utundu tu, akamzaba makofi.

Wenzetu wangeweza kumwonea huruma, lakini nguruwe alikuwa adui wa kila nyumba, mahindi ya kila mtu yalikuwa yameliwa. Wakaanza kumwinda. Mwanzoni walimtupia mabua, kesho yake wakatupa madongo, baadaye fimbo. Ramadhani alicheka na kuwaambia, "Haramu huyo. Msimguse kwa mkono, mguseni kwa fimbo." Athumani hakukimbilia nyumbani. Kila alipopigwa alijikunja tumbo kama anayeficha kitu kisivunjike. Siku moja baada ya adhuhuri walimsukumia kwenye shimo la zamani la wapasua mbao, wakasimama ukingoni na kumrushia mawe. Jiwe moja lilimpasua juu ya jicho. Damu ilijaza uso mzima, naye akakoroma tu, akachimba udongo kwa kucha. Nikamwona Ramadhani akiinua jiwe kubwa kwa mikono miwili. Nikakimbia.

Nilifika mlangoni kwa Mama nikiwa sina pumzi, nikasema mambo mengi kuliko niliyowahi kusema maisha yangu yote: mizimu, sharti la damu, Tate ndani ya nguruwe, nguruwe ndani ya Athumani. Mama aliinuka. Shangazi akamshika kanga. "Wifi, uko ndani ya eda. Tuma mtu."

"Aliyekuja ndiye niliyetumiwa," Mama alisema, akaiacha kanga mkononi mwa shangazi.

Alipita mbele ya wanaume waliokaa mikekani bila kuwatazama. Pale shimoni aliokota fimbo ileile ya watoto, akampiga Ramadhani mgongoni mpaka ikavunjika, akampiga na kipande kilichobaki. Wengine walitawanyika wakilia. Kisha akateremka shimoni. Athumani hakumjua, au hakutaka kumjua. Mama aliponyoosha mkono ili amshike, mtoto alimng'ata kwenye kiganja na kung'ang'ania, na damu ikashuka kidevuni pake. Mama hakuuvuta mkono. Aliuacha mle mdomoni, akapiga magoti kwenye matope.

"Umenitoa damu," alimwambia taratibu. "Sasa niko ndani yako. Na mimi siishi ndani ya nguruwe, kwa hiyo mtoe."

Athumani alimtazama kwa lile jicho moja lililokuwa linaona. Meno yakaachia. Akauliza, "Na Tate?"

"Tate tumemzika. Nilimwosha mwenyewe, alikuwa mzima wote, hakupungua."

Ndipo akalia kama mtoto wa watu.

Wanawake walisema kwa muda mrefu kwamba Mama aliharibu eda yake. Siku hizi wajane wa kijijini wanakwenda bustanini wamejitanda, kwa kuwa karoti na kabichi hazisubiri, na hakuna anayenong'ona. Msitu nao umefungwa, watoto hawaingii, na nguruwe wamezidi. Ramadhani na Athumani wanalinda shamba pamoja, wanachekeshana kama ndugu. Zamani nilidhani kila aliyekufa lazima awe amehamia mahali. Sidhani hivyo sasa. Tate yuko kaburini. Lakini Athumani anaposhuka Mombo na lori la kabichi, Mama hagusi chakula hadi arudi. Juzi nilimbembeleza ale ugali kabla haujapoa, nikamwuliza anangoja nini.

"Nitakula vipi hapa," akanijibu, "na mimi niko Mombo?"