Machozi ya Glenda Ormerod Bungeni

Glenda Ormerod hakulia. Yeyote aliyemjua pale Ramsclough angekuthibitishia hilo bila kuulizwa mara mbili. Alizika baba na mama, akakaa hospitali na mumewe siku alipoanguka kutoka juu ya paa, na hakuna aliyemwona akipangusa jicho, isipokuwa kiwandani anapokata vitunguu. Lakini Bunge liliambiwa kwamba alilia, na Bunge likishaambiwa jambo, linaandika.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha pai. Glenda aliingia pale alipomaliza shule, akawekwa upande wa pai za nyama na viazi, na pale pale akakomaa. Mumewe, Roy, alikuwa fundi wa mapaa hadi lile paa la kanisa lilipomtupa chini. Mgongo ulipopona nusu, alipata kazi ya kuendesha basi dogo linalowapeleka shule watoto wenye ulemavu, asubuhi kuwachukua na alasiri kuwarudisha. Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyokiri. Kwa hiyo wote wawili walikuwa na kazi, na mishahara ya kazi zote mbili ikiunganishwa ilikuwa inafika karibu na mwisho wa mwezi lakini haifiki. Pengo hilo serikali ililiziba kwa kile kilichoitwa nafuu ya kodi, yaani fedha wanazoongezewa watu wanaofanya kazi ambayo haiwatoshi.

Nyumbani kwa akina Ormerod hakuna aliyeziita fedha hizo msaada. Roy aliziita marejesho. Hoja yake ilikuwa kwamba serikali imemkata kodi tangu ana miaka kumi na sita, na sasa imeingiwa na aibu inamrudishia kidogo kidogo.

Msimu ule wa majani kupukutika, aibu hiyo ikaiishia serikali. Ikatangaza kwamba nafuu itapunguzwa, kwa sababu nchi lazima iishi kwa kipimo cha mfuko wake. Kiwandani watu walilizungumza jambo hilo wakati wa chai, kisha wakarudi kwenye vitunguu.

Glenda hakwenda kwa mbunge kwa ajili hiyo. Alikwenda kwa ajili ya mfereji wa maji machafu nyuma ya nyumba yao, uliokuwa ukinuka tangu kiangazi, huku halmashauri ikisema ni wa kampuni ya maji na kampuni ya maji ikisema ni wa halmashauri. Mbunge wao, Gareth Pilling, alikuwa akionana na wananchi Jumamosi katika maktaba, kwenye pembe ya vitabu vya watoto, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi. Alikuwa kijana mrefu, na kiti alichokalia kilikuwa cha mtoto wa chekechea, hivyo magoti yake yalikuwa sambamba na masikio. Alisikiliza habari za mfereji kwa adabu zote. Kisha akauliza kama hili la nafuu ya kodi litawagusa.

Glenda akamweleza. Alimwambia wanafanya kazi wote wawili, kwamba binti yao Kerry bado yuko masomoni, na kwamba fedha zikikatwa itabidi waanze kuwasha mitambo ya kupasha nyumba joto Novemba badala ya Oktoba. Alikuwa na mafua siku hiyo, kwa hiyo alikuwa akipenga kamasi kila baada ya maneno mawili matatu. Pilling alimtazama kwa huruma nyingi. Glenda alidhani ni kwa ajili ya mafua.

Habari zilimfikia kiwandani, kupitia kwa Maxine, aliyesimama karibu naye kwenye mashine ya kufunika pai tangu wote wawili walipokuwa wasichana.

“Shoga,” Maxine alisema, “umetajwa Bungeni.”

“Kwa kosa gani?”

“Umelia.”

Maxine alimsomea kutoka kwenye simu, kwa sauti ya kushinda mashine. Mheshimiwa Pilling alikuwa amesimama katika mjadala na kuliambia Bunge habari za Glenda wa jimboni kwake, mama mchapakazi, ambaye alikuja ofisini akibubujikwa na machozi, asijue kama msimu huu wa baridi achague chakula au joto, na ambaye nyumbani ana mume asiyejiweza. Upande wa pili, mbunge wa chama tawala, mama mwenye sauti ya upole, akajibu kwamba moyo wake uko pamoja na Glenda, ila njia ya kweli ya kumkomboa Glenda ni kumwezesha afanye kazi saa nyingi zaidi. Hapo wabunge wakapigiana kelele kuhusu Glenda kwa muda, kila upande ukidai unampenda zaidi. Glenda mwenyewe, wakati huo wote, alikuwa kazini kwa saa za ziada.

Gazeti la mji likaandika kwa herufi kubwa: MACHOZI YA MAMA WA PAI. Kuanzia siku hiyo watu wema wa Ramsclough wakaanza kufanya wema. Asubuhi alikuta mlangoni mfuko wa maharage ya kopo. Jioni yake akakuta mfuko wa pili, wenye koti lililotumika, safi kabisa, la mtoto wa miaka sita, kwa ajili ya Kerry, ambaye alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa mrefu kuliko baba yake. Glenda aliibeba ile mifuko hadi kanisani, kwenye ghala la chakula cha wahitaji, ili wapewe wanaohitaji. Mama wa zamu alimshika mkono, akamwambia asione haya hata kidogo, yamewakuta wengi. Glenda alieleza kwamba amekuja kutoa. Mama yule akasema anaelewa. Glenda alikwenda na mifuko miwili, akarudi na mitatu.

Hayo yote angeyameza. Lililomkwama kooni lilikuwa la Roy.

Kila Alhamisi Roy alikwenda klabu ya wafanyakazi kucheza dhumna. Alhamisi ile baada ya gazeti kutoka alikwenda kama kawaida, na mtu mmoja akamvutia kiti kwa mikono miwili, kama anavyovutiwa bibi kizee. Mwingine akamuuliza kwa sauti kubwa na ya taratibu kama anaumwa. Roy alivumilia. Lakini ilipofika zamu yake ya kununua bia kwa meza nzima, wakamkataza. Wakamwambia kaa, Roy, kaa tu, sisi tupo. Mwanamume wa Ramsclough unaweza kumtukana mamaye akakusamehe ukishalewa. Kumkataza kununua raundi yake ni kumtangaza kuwa amekufa. Roy alimaliza mchezo, akashinda, akashuku kwamba wamemwachia. Alhamisi iliyofuata hakwenda. Alisema mgongo unamsumbua. Iliyofuata pia alisema ni mgongo, na hiyo ndiyo ilimtia Glenda hofu, kwa kuwa mgongo ulipomsumbua kweli Roy hakuwahi kusema.

Jumamosi Glenda alirudi maktaba. Pilling alimwona, akajaribu kusimama haraka, na kile kiti kikainuka naye.

“Sikulia,” Glenda alimwambia. “Nilikuwa na mafua.”

Pilling aliona haya kikweli, masikio yakawa mekundu. Alisema aliamini alichokiona, alitaka tu Bunge liwaone watu badala ya takwimu. Glenda akasema hayo ni sawa, lakini sasa alisahihishe. Pilling akaanza kueleza. Kusahihisha kunawezekana, utaratibu upo, ila mjadala haujaisha. Akisimama kusema mtu wake hakulia, wale wa upande wa pili watasema basi hakuna anayeumia.

“Utawapa ushindi, Bi Ormerod. Na fedha zitakatwa.”

“Na mume wangu asiyejiweza?”

“Nilimaanisha mgongo.”

“Anaendesha basi, Mheshimiwa. Lina watoto ndani.”

Pilling alisema atalifikiria. Glenda alikuwa ameishi na neno hilo maisha yake yote, kwa mabosi na kwa halmashauri, na alijua linapoelekea.

Basi akaomba ruhusa kazini. Maxine naye akaomba, kwa madai kwamba Glenda asingeweza kwenda London peke yake, kumbe Maxine hakuwahi kuiona London na alitaka kununua viatu. Walipanda basi la alfajiri, lile la bei nafuu linalosimama kila mji, na mchana walikuwa wamepita kwenye ukaguzi na kuketi juu kwenye roshani ya wageni, nyuma ya kioo, wakiwa na pai mbili za nyama mkobani ambazo mlinzi alizinusa na kuziruhusu.

Kule chini viti vya kijani vilikuwa nusu vitupu. Glenda alitegemea vita, akakuta watu wakisinzia. Mmoja alisema takwimu, mwingine akazipinga kwa takwimu. Mzee mmoja alisema nchi imezama kwenye deni, na Glenda aliona anasema kwa unyofu na huenda hata ana haki kidogo, jambo lililomuudhi. Maxine akamnong’oneza kwamba kiwandani ukikaa hivyo unafukuzwa.

Kisha Pilling akainuka. Alianza vizuri. Alisema kuna watu wanaoamka gizani kwenda kazini na bado mshahara hauwatoshi, na hao ndio mnaotaka kuwakata. Wachache waliinua vichwa. Akasema kama alivyokwisha kuliambia Bunge hili habari za Glenda, na hapo macho yake yakapanda juu kwenye roshani, yakamkuta Glenda amekaa nyuma ya kioo na koti lake la Jumapili, mikono juu ya mkoba.

Glenda hakufanya lolote. Alimtazama tu, kama anavyoitazama oveni isije ikaunguza.

Pilling akashusha karatasi zake. Kisha akasema: “Mheshimiwa Spika, naomba kusahihisha kumbukumbu. Bi Ormerod hakulia. Alikuwa na mafua. Na mumewe anajiweza kabisa. Ni dereva.”

Kicheko kilichopasuka kiliwaamsha hata waliolala. Upande wa pili wakapigapiga mapaja. Mmoja akauliza kwa sauti kama kuna mafua mengine jimboni. Pilling alisubiri wamalize, na waliporidhika aliendelea na hotuba yake hadi mwisho, hotuba nzuri, yenye hoja zilizopangika, na hakuna aliyeisikiliza. Wengine walitoka kwenda kunywa chai. Glenda aliyaona hayo yote. Alikuwa amepata alichokifuata safari nzima, na akashangaa kujikuta akimhurumia yule kijana aliyesimama mle ndani akiwaambia viti vitupu jambo ambalo lilikuwa kweli.

Baadaye Pilling aliwafuata kwenye ukumbi wa wageni, akawanunulia chai. Hakulalamika. Alisema kwamba sasa hajui atawaambia nini, maana Bunge halisikii mpaka mtu alie.

“Waambie nina hasira,” Glenda alisema.

“Hasira humu haisaidii, Bi Ormerod. Kila mtu anayo.”

Glenda akanywa chai yake, akakubali kwamba hilo hakulifikiria. Maxine aliwagawia pai. Pilling alikula nusu ya pai ya Glenda akiwa amesimama, akasema ni tamu mno, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, Glenda alimwona akisema jambo bila kulipanga.

Roy alikuwa amekwisha sikia habari kwenye redio waliporudi. Alisema ni upuuzi kutumia nauli yote hiyo kwa ajili ya mafua. Kisha akamtilia mkewe chai, akamwekea sukari ingawa Glenda aliacha sukari zamani, na Glenda akainywa. Alhamisi alikwenda klabu. Walimpokea kwa kupenga kamasi meza nzima kwa pamoja, wakamwita Dereva wa Bunge, wakamdai raundi mbili alizokosa, na akanunua zote mbili huku akinung’unika kwamba wanamfilisi. Jina hilo la Dereva wa Bunge lilimganda miaka.

Kuhusu fedha zenyewe, haikuwa Pilling aliyeziokoa. Mabwana wa baraza la juu, ambao hawachaguliwi na mtu, waligoma kuupitisha mpango ule ulivyo, kukawa na zogo, na kabla majira ya baridi hayajakolea serikali ikauondoa. Kiwandani wakashangilia wakati wa chai. Lakini kilichokataliwa mlangoni hupita dirishani. Miaka iliyofuata bei zilipanda, nafuu ikasimama pale pale, kisha ikaanza kuhamishiwa chini ya jina jingine, na mwisho wake ukawa ule ule, kupungua, ila safari hii polepole, kipande kwa kipande, bila mtu wa kutajwa.

Glenda aliomba zamu ya Jumapili. Alijiambia ni ya muda. Ikabidi Roy ajifunze kuoka nyama ya Jumapili, kazi ambayo hakuwahi kuigusa, na akaukataa msaada wa Kerry kwa kuwa amewahi kuezeka makanisa, oveni ni nini. Nyama ya kwanza ilitoka imekauka kama soli ya kiatu. Waliila yote, na rojo nyingi, na Kerry akasema amewahi kula mbaya kuliko hiyo, shuleni.