Bega la Kulia la Muhidini Mhina

Chumba walichopewa watunisha misuli kilikuwa stoo ya ukumbi wa wafanyakazi katika shamba la mkonge la Ngombezi. Kreti za soda zilisukumwa ukutani, na wanaume waliobaki na chupi tu walibanana katikati wakipakana mafuta ya nazi mgongoni. Hakuna aliyeweza kukunja mkono bila kumpiga mwenzake kiwiko. Kwa kuwa kazi yao alasiri ile ilikuwa hiyo ya kukunja mikono, wenye namba mbili za mwisho walitolewa nje, kwenye kiwanja kidogo cha nyuma kilichozungushiwa maboriti ya mkonge. Muhidini Mhina, namba saba, alikuwa mmoja wao.

Ilikuwa Sabasaba ya mwaka 1970. Asubuhi palikuwa na gwaride na hotuba. Jioni palingojewa ngoma. Katikati yake kamati iliweka mashindano ya kutunisha misuli, na mshindi angepelekwa Tanga kushindana na vijana wa bandarini.

Muhidini alikuwa kijana wa Sindeni, wilaya ya Handeni, mtoto wa mkulima wa mahindi. Alikuja Ngombezi kukata mkonge kwa msimu mmoja akabaki, akahamishiwa kwenye korona, ile mashine inayosaga majani hadi zibaki nyuzi. Jioni, wenzake wakicheza bao, yeye alinyanyua ekseli ya toroli ikiwa na magurudumu yake. Mwalimu wake alikuwa Abdi, karani wa stoo, aliyejifunza mchezo huo kwa picha za magazeti ya nje. Picha hizo zilikuwa na maelezo ambayo vijana hawakuyaelewa, kwa hiyo kila mkao waliupa jina la kazi wanayoijua. Kukunja mikono yote miwili kichwani kuliitwa robota, maana ndivyo mtu anavyosimama akiwa na robota la katani utosini. Kuinama na kutanua mgongo kuliitwa kukata jani.

Abdi alikuwa na sheria moja aliyoirudia kuliko zote: mwili ni mizani. Kila mwisho wa wiki alimpima Muhidini kwa uzi wa katani, mkono huu na ule, bega hili na lile. Upande mmoja ukizidi, upande wa pili uliongezewa kazi.

Sheria hiyo ndiyo iliyomtenganisha Muhidini na mkewe.

Wakati wa masika paa la nyumba ya mama mkwe wake, Bi Hajira, lilianguka kule Sindeni. Bi Hajira ni mjane. Kwa Wazigua, mkwe wa kiume ndiye wa kwanza kuitwa kwa kazi kama hiyo, akate miti porini na kuibeba hadi nyumbani. Muhidini alipoitwa, alikwenda kwanza kumwuliza Abdi.

"Miti unabeba kwa bega gani?" Abdi alimwuliza.

"La kulia."

"Basi likishapanda kama kichuguu, majaji wataliona kabla hawajaona sura yako."

"Nikibeba kwa la kushoto?"

"Litapanda la kushoto."

Mtu mwingine angesingizia kwamba amenyimwa ruhusa kazini. Muhidini hakuwa na ufundi huo. Alimpa ujumbe utingo wa basi la Handeni: mama anisamehe, siwezi kubeba miti kwa sababu ya bega. Kule Sindeni maneno hayo yakaeleweka jinsi ambavyo mtu yeyote angeyaelewa. Baada ya siku chache, basi lilileta furushi la mizizi pamoja na maelekezo ya namna ya kuichemsha na kuikanda kwenye bega linalouma.

Mwantumu, mkewe, ndiye aliyelipokea. Alimtazama mumewe aliyekuwa uani akinyanyua ekseli ya toroli, akalitazama furushi. Kesho yake alilirudisha mwenyewe kwa mama yake, na hakurudi Ngombezi.

Tangu hapo Bi Hajira hakutuma neno. Muhidini aliambiwa na watu kwamba Mwantumu hajadai talaka na wala hajakataa kurudi. Anasubiri mama yake aseme. Muhidini alipanga kwenda kuomba radhi mara tu mashindano yakiisha. Kila aliyemjua alijua mpango huo, na aliyeujua zaidi ni Isihaka, namba nane, Mnyamwezi aliyeletwa na kazi za mkonge kutoka Tabora. Kwa kabila alikuwa mtani wake, na kwa siku ile mpinzani wake.

Isihaka ndiye aliyechungulia ukumbini kwenye upenyo wa pazia, akarudi uani anacheka.

"Mgosi," alisema, akimwita kwa neno la kwao, "mstari wa mbele wamekaa akina mama wa ngoma kutoka Sindeni. Mmoja amejitanda kanga nyekundu, amekaa kama hakimu. Si mama yake Mwantumu?"

Muhidini alikwenda kuchungulia. Alirudi haraka.

"Ndiye."

"Basi leo utaposa upya. Atakiona anachomwozesha binti yake."

"Isihaka, usinitanie."

"Nisikutanie mimi, akutanie nani? Babu yangu alipita kwenu na pembe la ndovu begani, mkamwuzia maji ya kunywa. Leo ndiyo siku ya kulipiza."

Muhidini hakucheka. Mkwe wa kiume akikutana njiani na mama mkwe huacha njia. Hali chakula naye, hamtazami usoni, hasemi jambo zito naye ila kwa kinywa cha mtu wa tatu. Kusimama mbele yake akiwa na chupi na mafuta, wakati bado ana kosa la kuombewa radhi, lilikuwa jambo ambalo hata jina hakuwa nalo.

"Nitavaa kaptula," alisema.

"Abdi alishauliza. Majaji wamekataa."

"Basi nitawapa mgongo. Mwanzo hadi mwisho, mgongo tu."

"Umpe mkwe matako?" Isihaka alimwangalia kwa huruma. "Afadhali tumbo, mgosi."

Namba tatu aliitwa. Ukumbini watu walipiga miluzi. Muhidini alijifuta uso, mafuta yakamwingia machoni.

"Nitajitoa," alisema.

Kama Isihaka angenyamaza, angekuwa amepungukiwa na mpinzani anayemhofia kuliko wote. Badala yake alijifunga shuka kiunoni, akatoka kwa mlango wa pembeni hadi mstari wa mbele, akachuchumaa mbele ya Bi Hajira. Mtani anaruhusiwa kusema kile ambacho mkwe hawezi. Alimwambia kwamba mkwewe yupo nyuma ya pazia, na hali ya mavazi yake ni ile ya siku aliyozaliwa, zaidi yake ni chupi tu.

Bi Hajira hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alisema hakujua kwamba katika mchezo huo watu huvua nguo, na kwamba angetoka nje hadi uishe. Alinyanyuka, akatoka kwa heshima. Kwa kuwa ngoma za kikundi chake zilikuwa zimeegeshwa kivulini nyuma ya ukumbi, aliona ni vyema akakae nazo. Alizunguka jengo, akasukuma lango la uzio, akaingia kwenye kiwanja cha nyuma.

Muhidini, licha ya kusema atajitoa, alikuwa katikati ya kiwanja, mikono yote miwili kichwani, katika mkao wa robota.

"Laa!" alisema Bi Hajira, akageukia ukuta.

Muhidini alichuchumaa papo hapo, kichwa magotini. Bi Hajira, bila kugeuka, alivua kanga ya juu akairusha nyuma yake. Iliangukia chini. Muhidini aliivuta kwa vidole akajifunika mabegani. Isihaka, aliyekuwa anarudi kutoa habari njema, alisimama mlangoni akiwa na mdomo wazi.

"Shikamoo mama," Muhidini aliiambia ardhi.

"Mwambie marahaba," Bi Hajira aliuambia ukuta.

"Anasema marahaba," alisema Isihaka.

Hapo Bi Hajira angeweza kwenda zake. Lakini tangu masika alikuwa na neno moyoni, na mwenye kustahili kulisikia alikuwa hatua chache nyuma yake, na mtu wa kulipeleka alikuwepo.

"Muulize, bega limepona?"

"Mama anauliza bega limepona?"

"Mwambie halikuwahi kuumwa."

Ndani kipaza sauti kilikoroma. "Namba saba!"

Bi Hajira aliendelea. "Mwambie ile mizizi nilichimba mwenyewe. Iko mbali, ng'ambo ya korongo, na mvua ilikuwa inanyesha. Nilikwenda nikidhani kuna mgonjwa."

Isihaka, ambaye kila siku alikuwa na mzaha wa kila jambo, aliyarudia maneno hayo kama alivyoyapokea. Kisha alimtazama Muhidini, akaelekeza kidevu ukumbini. Muhidini alitikisa kichwa. Kumwambia mama huyu kwamba ananyamazishwa kwa ajili ya mashindano kungekuwa kumtumia ujumbe ule ule wa masika.

"Namba saba, mara ya pili!"

Mlango wa stoo ulifunguliwa, Abdi akatoa kichwa, uso umemkunjamana kwa hasira. Alimwona Muhidini amechuchumaa ndani ya kanga, akamwona mama ameelekea ukuta. Abdi naye alikuwa na wakwe. Alirudisha kichwa ndani, akaufunga mlango polepole.

"Namba nane!"

"Mama," alisema Isihaka, "mimi ndiye naitwa."

"Nenda, mwanangu. Ukuta upo."

Isihaka alikwenda. Bi Hajira aliweka kiganja ukutani.

"Wewe ukuta," alisema. "Nyumba yangu imesimamishwa na watu wa kijiji cha ujamaa. Waliacha shamba lao wakaja. Wakaniuliza, mkweo yule mwenye mwili yuko wapi? Nikawaambia anaumwa bega. Nimewaambia msikitini, nimewaambia kisimani. Wewe ukuta, nimesambaza uongo kijiji kizima, na mimi sikujua kwamba ni uongo."

Muhidini alikuwa amejitayarisha kwa lawama ya miti. Hakuwa amejitayarisha kusikia kwamba kule alikuwa anatetewa.

"Nitakuja niwaambie mwenyewe," aliiambia ardhi. "Mbele yao."

"Ukuta, ni Ijumaa watu wakitoka kuswali ndipo wanapopatikana wote."

"Ijumaa."

Kelele zilimpokea Isihaka ndani, zikapanda, zikashuka. Kipaza sauti kilimwita namba saba mara ya mwisho, kikasema hayupo, kikaendelea. Bi Hajira alichukua ngoma mbili ndogo, akatoka kwa kufuata ukuta bila kutazama nyuma. Muhidini hakunyanyuka hadi aliposikia lango limefungwa. Miguu ilikuwa imemfa ganzi, ikabidi ashike boriti.

Isihaka alishika nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa fundi wa reli wa Korogwe mjini, mtu wa kifua kizuri na miguu dhaifu. Muhidini alipoulizwa na wenzake kama angemshinda, alisema majaji ndio wanaojua, na wao hawakumwona.

Ijumaa alishuka Sindeni. Baada ya swala alisimama nje ya msikiti, akawasalimu wazee, akasema bega lake halikuwa na ugonjwa. Alikataa kubeba miti kwa kuogopa bega moja lisilizidi jingine.

Mzee mmoja aliomba arudie. "Lisilizidi nini?"

"Bega jingine, mzee."

"Kwani nani alikuwa anayapima?"

"Majaji wa mashindano."

"Wakayaonaje?"

"Hawakuyaona. Niliitwa, sikupanda. Nilikuwa nimechuchumaa, mkwe alikuwa anasema."

Wengine walicheka, wengine walisikitika, mmoja alisema vijana wa mkonge wote vichwa vyao vimesagwa na korona. Kisha wakatawanyika. Hakuna aliyemtoza faini. Habari ilifika kwa Bi Hajira kabla yake.

Alimkuta Mwantumu amesimama mlangoni. Nyumba ilikuwa na paa zuri la nyasi, lakini kuta zilikuwa fito tupu. Wanakijiji walirudi kwenye palizi kabla ya kuzikandika. Bi Hajira alikuwa jikoni, upande wa pili wa fito hizo. Wote watatu waliweza kusikiana bila shida, na wote watatu walifanya kama hawasikiani.

"Mwantumu," ilisema sauti ya jikoni, "muulize mwenzako. Ile namba saba waliyokuwa wakiiita, ni yeye?"

"Mama anauliza, namba saba ni wewe?"

"Mwambie ndiyo."

"Muulize kwa nini hakusema. Mimi sikumtazama, ningeijuaje namba yake? Nilidhani bado hajaitwa."

Mwantumu alimgeukia mumewe. Hilo yeye mwenyewe alitaka kulijua.

"Mwambie mama," alisema Muhidini, "alikuwa bado anasema."

Mwantumu hakuupeleka ujumbe huo. Jikoni chombo kiliwekwa chini.

"Mwantumu, funga mzigo wako. Basi la Korogwe halimsubiri mtu."

Mwantumu aliangalia fito, akaangalia viatu vya mumewe, vilivyong'arishwa kwa safari.

"Lipite," alisema. "Tutaondoka nyumba ikiwa na kuta. Udongo uko kule nyuma, na maji nimeshachota."

Muhidini alivua viatu.