Iodini Kwenye Maziwa ya Bibi

Nilipofika kidato cha tatu nilikuwa sivumiliki. Nyumbani kwetu, kwenye mteremko juu ya Lushoto, watu walikula bada, ugali wa muhogo, na maharage. Mimi nilikula wanga na protini, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo. Shangazi alinijibu nimalize huo wanga haraka, vyombo vinanisubiri.

Likizo ile nilirudi na kichupa cha iodini nilichomwomba mwalimu wa biolojia. Tone moja likigusa wanga, rangi inageuka bluu iliyokolea karibu kuwa nyeusi. Nilipima viazi, nikapima ndizi, nikapima hata kola ya shati la babu la kanisani. Kola ilikuwa imepigwa wanga, nayo ikageuka. Babu hakufurahia sayansi.

Bibi aliuza maziwa, na jirani mmoja alikuwa ameeneza habari kwamba maziwa yale ni mazito kwa sababu yanatiwa unga. Wateja wakaanza kupungua. Bibi hakulalamika, ila aliacha kumwimbia ng'ombe wake wakati wa kukamua. Hilo liliniuma sana.

Nikaamua kumsafishia jina. Asubuhi moja wateja waliobaki walikuwa uani, jirani mwenyewe akiwamo, aliyekuja kuona nani bado ananunua, na mke wa mwalimu mgeni asiyejua Kishambaa. Nikawaomba wanisikilize. Nikachota maziwa kwa kopo la kupimia, nikatoa hotuba ndefu kuhusu molekuli, nikadondosha iodini.

Maziwa yakawa bluu.

Jirani alijifunga kanga yake upya, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Bibi alichukua kikombe safi, akaingia bandani, akakamua huku wote wakimtazama, akaniletea kikombe.

"Weka dawa yako."

Nikadondosha iodini. Tone likabaki na rangi yake ya kahawia, likafifia. Kisha Bibi akalimwaga lile kopo, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini kwa ndani, akakiinua watu wakione. Kilikuwa na unga wa muhogo.

Hapo nikakumbuka. Alfajiri nilichota unga kwa kopo lile lile. Niliambiwa nilioshe, nikalikung'uta tu, kwa sababu nilikuwa katikati ya sura ya vimeng'enya. Ilibidi niwaeleze wote, jirani akisikia, na sijawahi kuona aibu kama ile. Jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogeza chupa yake ijazwe.

Bibi hunigombeza kwa Kishambaa. Siku hiyo aliongea Kiswahili, tena polepole, ili mke wa mwalimu asipitwe.

"Mjukuu wangu, elimu yako imeshafika kwenye maziwa. Kwenye vyombo bado haijafika."

Nikachukua kopo na majivu, nikaenda bombani. Nyuma yangu, bandani, Bibi alikuwa ameanza kuimba.