Fundi Cherehani Niliyemzamisha

Binti wa kaka yangu anacheza hadithi kwenye simu na watu asiowajua. Kila mmoja ana mhusika wake, wanaandika kwa zamu kwenye jukwaa la mtandaoni, hadithi inasonga. Juzi nilimkuta amenuna, kisa kuna mtu kamsemesha mhusika wake maneno ambayo yeye hakuyaandika. "Shangazi, hilo kosa kubwa, we hujui tu," akaniambia. Mimi nisijue? Kosa hilo nililifanya kabla kaka yangu hajamwoa mama wa binti huyu, tena nikiwa mwalimu mzima.

Jukwaa letu sisi lilikuwa kaunta buku, daftari nene la dukani. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Kibiti yakaanza kujaa tena, na kalamu tulizokuwa tukizitafuta kama dawa zikawa zinapangwa mezani za kila rangi. Nilikuwa nafundisha Dimani, mgeni kutoka bara, jioni sina kazi zaidi ya kusahihisha madaftari. Nikanunua daftari hilo lenye jalada gumu jekundu, nikaanzisha mchezo na wenzangu wawili tuliojuana kwenye semina ya wilaya: nesi wa Utete, na bwana shamba aliyekuwa akifanya kazi kwao Chumbi. Daftari lilisafiri kwa makondakta na madereva wa malori ya mpunga, limefungwa gazeti, likavuka mto na kurudi. Mpaka leo sijui ilikuwaje halikupotea.

Tulibuni mji mdogo kando ya mto. Nesi alikuwa mama muuza vitumbua anayejua siri za kila nyumba. Mimi nilikuwa hakimu mkali, na niliowafundisha wakisikia hivyo hawatashangaa. Bwana shamba alikuwa fundi cherehani, anatembea kijiji hadi kijiji na cherehani lake kichwani akimtafuta mdogo wake. Sheria aliziandika yeye ndani ya jalada, kwa mwandiko wake ulioinama: usimsemee mtu wa mwenzio, usimguse bila kumwuliza mwenyewe, kilichoandikwa hakichanwi.

Nayakumbuka sana majira yale. Daftari likifika sikulifungua hapo hapo. Nilipika kwanza, nikaoga, ndipo nikakaa nalo barazani na kikombe cha chai. Nesi alinifanya niangue kicheko peke yangu hadi jirani akadhani nimepata barua ya mchumba. Barua za mchumba nilikuja kuzipata baadaye, na wala hazikuwa tamu kiasi kile.

Sasa fundi akasikia mdogo wake kaonekana ng'ambo ya mto, akapanda mtumbwi. Hapo bwana shamba akalikalia daftari. Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha. Lilipokuja, alikuwa ameongeza mstari mmoja tu: "Fundi bado yumo mtumbwini."

Nilipandwa na hasira. Miezi miwili, mstari mmoja. Mimi Mnyamwezi, yeye mtu wa Pwani, tulikuwa watani tangu siku ya kwanza. Aliwahi kunitangazia mbele ya semina nzima kwamba babu zangu walifika kwao wakiwa wamebeba mizigo ya babu zake, nami nikamlipa kwa maneno makubwa zaidi. Nikasema mtani hazuiwi. Nikashika kalamu, nikamwibua kiboko, mtumbwi ukapinduka, fundi akalia, "Mama, cherehani langu," akazama nalo. Nikasoma mara mbili, nikajiona mjanja, nikalituma kwa nesi.

Nesi hakuandika kitu. Alilirudisha na kikaratasi ndani: "Mwalimu, mdogo wa kweli wa bwana shamba alikwenda Dar kuuza mitumba. Mwaka wa pili huu hajulikani alipo. Mama yao kila basi likisimama anatoka nje kutazama. Ulikuwa hujui?"

Sikujua. Lakini wala sikuuliza, na sheria ilisema uulize. Nilinywea.

Jumamosi nikadandia lori hadi kivukoni. Tukiwa katikati ya mto niliyatazama yale maji mekundu nikaona haya, maana ndani yake nilikuwa nimemzamisha mtu wa watu kwa kuwa tu nimechoka kusubiri.

Nilimkuta bwana shamba shambani anapima mistari ya mahindi kwa kamba. Alilisoma daftari amesimama.

"Mtani," akasema, "umenizika, wala hukuleta hata ubani."

Nikataka kucheka, nikaona macho yake. Nikamwomba radhi. Nikamwambia nitauchana ukurasa ule.

"Hakichanwi. Nipe kalamu."

Akakaa chini palepale. Akaandika kwamba kilichozama ni cherehani. Fundi alijua kuogelea tangu utotoni, akatokea ukingoni ameloa chapachapa. Akaulizia nyumba, akaelekezwa, akapiga hodi. Mdogo wake akafungua mlango. Hapo kalamu ikasimama. Akaruka nusu nzima ya ukurasa, akanirudishia daftari.

"Malizia basi," nikasema. "Mdogo wake anamjibu nini?"

"Yule si mtu wangu, mwalimu. Siwezi kumsemea." Alikuwa anaiviringisha kamba yake mkononi, hanitazami. "Miezi miwili nilikuwa najaribu. Akirudi ataandika mwenyewe."

Tulicheza karibu mwaka mwingine, na tukifika kwenye ile nusu tupu kila mmoja alikuwa anairuka. Halafu nesi akahamishiwa bara, mimi nikaolewa, daftari likanibakia. Na bwana shamba tuliandikiana mpaka alipofariki. Mdogo wake hakutajwa kwenye barua hata moja, nami safari hii nilikuwa na adabu ya kutouliza.

Nilimtolea binti huyo daftari alione. Alisoma, akacheka palipo na vitumbua, akafika kwenye nusu ile ya ukurasa.

"Shangazi, mbona hapa pako tupu? Ngoja nikumalizieni."

Alikuwa ameshashika kalamu. Nikamnyang'anya. Nikamwambia hapo pana mwenyewe.