Kiberiti Kilichobeba Piki Zangu

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka mikono yangu huanza kupapasa mifuko. Napapasa shati, napapasa suruali, napapasa koti, kisha narudi tena kwenye shati, na mke wangu ananicheka akiniuliza nimepoteza nini. Sijapoteza kitu. Ni wasiwasi wa zamani tu, umezeeka pamoja nami lakini haujataka kufa.

Jana nilikuona ukiligeuza gitaa lako juu chini na kulitikisa ili kile kipande cha kupigia nyuzi kitoke kwenye tundu. Wenzako wamesimama wanangoja wimbo, wewe unatikisa gitaa kama mtu anayetoa kokoto ndani ya kibuyu. Sikucheka. Ulidhani nimekasirika, kumbe nilikuwa nimerudi Manyatta, mtaa wetu wa Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na umri kama wako na kichwa kigumu kama chako. Keti nikueleze, na chai yako usiiache ipoe.

Siku hizo kipande hicho, ambacho sisi tulikiita piki, hakikuwa kitu cha kuingia dukani Kisumu ukanunua. Tulijichongea. Wengine walikata ndoo ya plastiki iliyopasuka, lakini ilikuwa laini mno na gitaa likatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Mimi nilikata kitana cheusi cha wanaume, kile kigumu cha zamani, nikawa nakisugua kwenye sakafu ya saruji jioni baada ya jioni mpaka ukingo wake ukakubaliana na mkono wangu. Nikapata piki tatu nzuri. Nyingine zote nilizojaribu zilikwaruza nyuzi.

Kuzitunza ndiko kulikonishinda. Mfukoni zilipenya kwenye tundu. Wenzangu walizibana kwa meno, maana unajua muziki wetu: mtu anaweza kusimamisha wimbo katikati ili ajisifu, amsifu rafiki yake, amsifu hata mama mkwe, na wakati huo mpiga gitaa hana pa kuiweka piki. Mimi kwa meno sikuweza. Nilikuwa naogopa kuimeza, na nikiogopa kitu hunijia hadi ndotoni.

Basi nikatumia akili yangu. Nilichukua kiberiti, nikalaza piki zote tatu chini, nikazifunika kwa karatasi, na juu ya karatasi nikapanga njiti. Ukikifungua unaona njiti tu. Nani ataiba kiberiti? Nilijiona mjanja sana, na ujanja wangu sikumwambia mtu hata mmoja.

Nilichosahau ni kwamba nilikuwa naishi ploti. Vyumba vimepangwa mlango kwa mlango, na katika ploti, mwanangu, kiberiti si cha mtu. Jirani akiomba moto, unatoa. Kikishatoka kinazunguka, na kukidai ni aibu ambayo wanawake wataiteka pamoja na maji bombani wiki nzima.

Sasa sikiliza siku yenyewe. Kiongozi wa bendi yetu, Bwana Odera, alikuwa ametupatia nafasi kwa mtu wa Nairobi aliyekuja na mashine zake za kunasa nyimbo, akazipanga kwenye ukumbi mmoja karibu na stesheni ya reli. Bendi zilikuwa nyingi, kila moja na zamu yake. Wimbo wetu nilikuwa nimeutunga mimi, na ulikuwa wa mama yangu. Marehemu baba aliniita mvivu wa nyuzi. Mama peke yake ndiye aliyesema, mwacheni apige. Huko nyumbani Asembo, kando ya ziwa, alikuwa ameshawatangazia wauza samaki wote kwamba mwanawe atasikika ndani ya santuri.

Kabla jua halijatoka vizuri, jirani yangu Mama Akinyi, muuza mandazi, aligonga mlango.

"Baba, nipatie moto."

"Chukua dirishani," nikasema, nikajifunika tena.

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema, na usingizi ukanirudia vizuri kabisa. Nilipoamka, nikaoga, nikavaa suti niliyoazima, nikafunga tai, nikanyoosha mkono dirishani. Hapakuwa na kitu. Niliinua godoro. Niliinua hata sufuria. Kisha nikakumbuka, nikatoka nje.

Nilimkuta Mama Akinyi akigeuza mandazi.

"Mama, ile kiberiti yangu iko wapi?"

"Nilipatia Swaleh. Alikuwa anataka moto ya kuchoma viraka."

"Naitaka, Mama."

Alinitazama kutoka viatu hadi tai. "Umevaa suti ndio ukuje kudai kiberiti?" Akaingia ndani, akatoka na chake. "Shika hii. Hata iko na njiti mingi kuliko yako."

Hapo ndipo iliponipasa kufungua mdomo. Wazee walisema mficha uchi hazai, nami niliijua methali hiyo vizuri, nilikuwa hata nimeitia ndani ya wimbo mmoja. Lakini niliona aibu kusema kwamba riziki yangu yote nimeilaza chini ya njiti. Nikakitia kiberiti chake mfukoni, nikashukuru, nikaondoka mbio na gitaa mgongoni.

Swaleh alikuwa fundi wa baiskeli barabarani, kijana wa Kiislamu aliyezaliwa hapa hapa mjini, baba yake mtu wa pwani. Hakuwa na maneno mengi.

"Nimempa Mzee Obura," aliniambia. "Alipita hapa na kiko chake hakina moto. Ameenda Obunga, kuna matanga, ameitwa kupiga nyatiti. Lakini omera, ndugu yangu, kiberiti tu inakutoa jasho hivi?" Akanitolea kingine kwenye sanduku lake la vifaa.

Nikakichukua nacho pia. Nyuma yake ilikuwa imeegemezwa baiskeli iliyokwisha kutengenezwa. Ningemwambia ukweli angenipa hiyo baiskeli pale pale. Yeye mwenyewe aliniambia baadaye. Nikaenda Obunga kwa miguu, suti ya watu inanibana kwapani, vumbi limepanda hadi magotini, na kila saa ya mtu niliyoiona mkononi niliichungulia. Nilikuwa nikijiambia, wamefika zamu yetu, hawajafika, wamefika.

Mzee Obura alikuwa ameketi nje ya nyumba ya wafiwa, kiko mkononi, nyatiti, kile kinubi chetu cha nyuzi nane, miguuni pake. Na mzee humwamkii huku umesimama. Ilibidi nikae. Akaniuliza habari za nyumbani, za mama, za mvua ya Asembo, za ng'ombe ambao hata hatukuwa nao. Nilijibu kila swali huku macho yangu yakiwa mkononi mwake, kwa sababu mkononi mwake, mwanangu, alikuwa ameshika piki yangu moja, iliyomtokea chini ya njiti, akikwangulia majivu ndani ya kiko. Ukingo wake ulikuwa umekunjika kwa moto.

"Jaduong', mzee wangu," nikasema mwishowe, "hicho ni kitu yangu ya kazi."

Nikamweleza yote. Akakitoa kiberiti mfukoni, akainua karatasi kwa kidole, akaziona zile mbili zilizobaki. Kisha akanyoosha mguu. Kwenye kidole gumba alikuwa amevaa pete nzito ya chuma, ile ambayo wapiga nyatiti hugongea ubao wakati wa kupiga, na pete ilikuwa na kamba nyembamba ya ngozi iliyofungwa kwenye nyatiti yenyewe.

"Nyathina, mwanangu," alisema, "hii nikivua, inalala na nyatiti. Nikibeba nyatiti, nimeibeba. Hakuna jirani atakuja asubuhi kuomba nyatiti ya kuwasha jiko. Wewe mbona unaficha kitu yako ndani ya kitu kila mtu anataka?"

Hakunigombeza zaidi ya hapo, ingawa ningependelea anigombeze.

Nilikimbia kutoka Obunga hadi stesheni. Nilipofika mlangoni mwa ukumbi, mtu mmoja aliinua mkono, nyamaza. Ndani wimbo wangu ulikuwa unapigwa. Bwana Odera alikuwa amengoja hadi zamu yetu ikakaribia kutupita, ndipo akampa Okelo, mpigaji wetu wa gitaa la pili, sehemu yangu. Okelo aliipiga kwa kucha. Aliipiga vizuri, sitamnyima haki yake. Nilisimama nje na viberiti vitatu mfukoni na piki mbili zimebanwa ndani ya ngumi, nikalia. Sioni haya kukuambia.

Santuri ilitoka. Nikaipeleka Asembo, tukaiweka kwenye gramafoni ya mwalimu jirani, na wale wauza samaki wote wakaja na vikapu vyao. Jina la mama lilipotajwa walipiga vigelegele. Mama hakupiga. Aliinamisha kichwa, akasikiliza hadi mwisho, akaomba irudiwe, akasikiliza tena. Wageni walipoondoka akaniita karibu naye.

"Wimbo ni wako," alisema. "Mkono si wako. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natafuta kiberiti, Mama."

Alinitazama muda mrefu, akingoja nimwambie kwamba natania. Kisha akanishika vidole, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto nimejikata, na hakuniuliza tena. Tulirekodi nyimbo nyingine baadaye, mwanangu, na mkono ulikuwa wangu, lakini mama alikuwa ameshazikwa. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu ameota ndevu.

Niliporudi mjini nilimwendea Swaleh nikamwambia kila kitu. Alicheka mpaka akaweka spana chini. Kisha akakata pete ya mpira kutoka mpira wa ndani wa baiskeli uliokwisha kazi, akaivisha kwenye kichwa cha gitaa langu, akachomeka piki chini yake. Ikashika. Ilikuwa kitu cha kutupwa, na haijawahi kuniangusha. Lile gitaa pale ukutani, angalia, mpira umebadilishwa mara nyingi lakini desturi ni ile ile. Piki ya pili mke wangu aliishonea kifuko cha kitambaa cha leso kuukuu, chenye kifungo, ndani ya mkoba wa gitaa. Wengine hutumia kopo la ugoro lililooshwa, nalo ni zuri, mradi lifungwe kwa kamba kwenye mkoba na nyumbani kwako pasiwe na mnusa ugoro. Usiende mjini kutafuta kisanduku cha fahari. Na kamwe usiziweke zote mahali pamoja, kama nilivyofanya mimi.

Hayo ni ya piki. Mengine ni haya. Kitu cha kazi yako kilale na kazi yako, ukibeba kimoja umebeba vyote. Usifiche kilicho chako ndani ya kile ambacho majirani wanakihitaji, maana watakichukua bila ubaya, nawe utawalaumu bure. Ukikipoteza, sema mapema umepoteza nini. Mimi watu wawili walinipa viberiti kwa moyo mweupe, na mmoja alikuwa na baiskeli.

Haya, nenda, wenzako wanakungoja. Pita kwa fundi kwanza akukatie mpira. Mungu aulinde mkono wako na akupe masikio ya kuusikiliza, na siku mama yako atakapoketi kusikia wimbo wako, asiwe na haja ya kukuuliza ulikuwa wapi.