Daraja Lililojengwa Gazetini

Nilifunga safari kwa sababu ya aibu. Nikiwa Kampala, miguu juu ya meza, nilimsifu katika makala yangu mbunge mmoja wa Kasese kwa kujenga daraja la waenda kwa miguu katika kijiji cha mlimani, juu ya mji wa Bwera. Habari hiyo niliinakili kutoka gazeti la Kasese. Biira, mama muuza maharage wa kijiji hicho, akanipigia simu: angependa kuniona nikilivuka.

Saa nane mchana nilishuka basi Kasese, kiuno kimekufa ganzi. Thembo, mwandishi wa habari ile, alinipokea kwa chai na kukiri yote. Uchaguzi ukiisha, gazeti halina gari, mheshimiwa analo. Akija mazishini, waandishi hupanda gari lake. Akibaki Kampala, jimbo zima halina habari. Siku ya kuzindua daraja gari lilisimama lami ilipoishia, waandishi wakasomewa maelezo, wakarudi.

"Mto uliuona?"

"Niliusikia, mzee."

Asubuhi nilimpakia Thembo kwenye bodaboda, tukaenda hadi Bwera, kisha juu mlimani. Biira alitungoja mtoni na binti yake mwenye mimba kubwa. Jiwe la msingi lilikuwepo, lenye jina la mheshimiwa. Nyuma yake, magogo mawili yaliyolazwa juu ya mto.

"Muzee, ni wewe ulisema daraja iko? Basi tangulia."

Nilitangulia. Katikati nikateleza, nikaketi majini. Binti alicheka hadi akashika tumbo. Biira hakucheka. Alisimulia kwamba alikwenda ofisi ya wilaya kuomba daraja kabla ya mvua, wakafungua faili, wakamwonyesha kipande cha gazeti, na juu yake makala yangu, ushahidi kwamba daraja limeshajengwa.

"Atazaa mwezi kesho. Nyumba yetu iko ng'ambo, hospitali iko huku. Mvua ikija, nitamuvusha na gazeti?"

Thembo alipiga picha, safari hii za maji.

Jioni, Kasese, mhariri wa Thembo alizikataa. Mbunge hayumo pichani, alisema, kwa hiyo si habari. Nikafoka kwamba kutokuwamo kwake ndiyo habari. Akanishauri kwa upole ningoje kampeni. Wapinzani wa mbunge watawapeleka waandishi mtoni kwa magari yao.

Ndani ya basi la kurudi, suruali ikinuka tope, nilimlaani mhariri hadi maneno yakaniishia. Kisha nikakumbuka kwamba Thembo walau alifika penye lami. Mimi sikuinuka kitini. Kwa hiyo mama Biira, kata gazetini sentensi inayofuata, uwapelekee wale wa ofisini wenye faili kabla ya mvua. Daraja halipo, na aliyesema lipo ni mimi.