Kichupa cha Bwana Afya

Kila Jumatatu bwana afya huja kwenye chemchemi ya Katwe na kichupa chake cha kioo. Kwanza hunawa mikono, taratibu, hadi chini ya kucha, kama mtu anayejiandaa kuchinja. Kisha hukinga maji, hukifunga kichupa, huandika tarehe, na kwenda zake bila kuomba kitu. Hapo ndipo Maimunah, anayekoroga sharubati yake kwa maji hayo hayo na kuwauzia wachomelea vyuma, humtilia shaka. Maofisa wa kudai chai anawajua. Hao mnaelewana, kazi inaendelea. Huyu hata kiti hataki. Ukimkaribisha, anajibu kwa sauti ya chini kama yuko msibani: “Asante, Hajati, nimeshiba.” Nani hushiba kila Jumatatu?

Juzi akaamua kumbana mbele ya wateja. Akamjazia kikombe. “Kunywa, bwana. Ama kuna jambo unalijua, sisi hatulijui?”

“Mwache, mama, anaogopa kurogwa!” Okeny, mchomelea vyuma, akacheka.

Bwana afya akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akakinusa, akamtazama Maimunah kitambo. Kisha akatoa kichupa cha pili, akamimina humo sharubati, akaandika tarehe. “Majibu Ijumaa, Hajati.”

Okeny akakitua kikombe chake kikiwa nusu. Maimunah aliwasha sigiri, akabandika sufuria kubwa ya maji, akaisogeza mahali ambapo kila mteja angeiona ikichemka.